Ili Kifungu Kisife

Mimi ni mpiga chapa wa Halmashauri, Kakonko.
Sina kura. Nina vidole.

Kasma ya thelathini na saba niliichapa mwenyewe,
Februari, mvua ikitwanga bati la ukumbi:
Ushauri nasaha, vijana waliopitiwa na risasi,
milioni kumi na nane, laki nne.
Waliopitiwa. Neno hilo nililitafuta siku mbili,
maana "waliojeruhiwa" lingemwacha nje Butoyi,
ambaye risasi haikumgusa hata ukosi wa shati.

Ilimpitia pacha wake.

Kwetu Buha pacha huja na majina yao tayari:
atanguliaye ni Bukuru, afuataye Butoyi,
baba hahangaiki kuchagua.
Walikuwa basi la alfajiri kutoka Kasulu.
Makere, Butoyi akasema dirisha linaingiza baridi,
wakabadilishana.
Kabla ya Kibondo, pori, gogo limelazwa njiani,
wanaume watatu na bunduki moja
iliyovuka mpaka wao wote hawajazaliwa.

Sasa bati likialika kwa jua, analala chini.
Bisi zikipasuka kikaangoni, anatoka nje
na hasemi anakwenda wapi.
Mama akimwita, jina lenyewe linamuuliza:
wa pili baada ya nani?

Yuko Bi Skolastika Gwimo.
Jumanne na Alhamisi, stoo ya vyandarua nyuma ya zahanati,
viti viwili, kimoja kinachechemea,
hicho hukalia yeye.
Mradi uliomlipa uliondoka na gari lake na kalenda zake za ukutani.
Yeye hakuondoka.
Miezi mitatu Butoyi alikaa pale bila neno.
Wa nne akasema, "Baridi."
Bi Skola hakuandika kitu.
Aliinuka, akafunga dirisha.
Aliniambia hilo tu, kwa ruhusa ya kijana;
mengine ni ya stoo.

Kikaoni diwani mmoja alisimama, miwani mkononi:
"Mheshimiwa Mwenyekiti, hela ya kuongea?
Tangu lini kuongea kukauzwa?
Sisi tulizika, tukarudi shamba, msimu ulikuwa haungoji.
Nani alitushauri?"
Wakacheka. Si wote.
Mara nyuma ya pazia mhudumu akaangusha kreti ya soda,
na diwani yule yule
akaishika meza kwa mikono miwili, macho kayafumba,
midomo ikihesabu kitu.
Niliona. Nilikuwa nimekaa mkabala naye.
Muhtasari hauna safu ya mikono.

Milioni nane zikaenda kwenye uzio wa ofisi.
Sita, mafuta ya gari.
Nne na zile laki sikuzisikia zilikokwenda, mvua ilizidi.
Kijana wa hazina akaniinamia sikioni:
"Weka elfu moja, ili kifungu kisife."
Ndivyo tufanyavyo kwa kifungu kilichokosa fedha,
hutupiwa punje, jina libaki kitabuni,
mwakani mtu apate pa kuanzia kuuliza.

Nikachapa. Moja, sifuri, sifuri, sifuri.
Haifiki hata nauli ya bodaboda ya Bi Skola,
kwenda, bila kurudi.
Nilitamani kidole kiteleze,
sifuri nne zaidi, nani angejua?
Kingejua kikokotoo. Sikuteleza.

Jioni nikamkuta Butoyi sokoni na maharage ya mama yake,
anashusha debe kama anayelaza mtoto,
lisigonge sakafu.
Akanyanyua uso. "Imepita?"
Nilikuwa na maneno mengi ya ofisini, yote yana mihuri.
Nikasema, "Haijafa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyetajiwa ndugu yake,
kisha akanipimia kilo mbili,
na juu yake akaongeza gao moja la nyongeza.